Fungu la Tatu la Matobolwa

Juzi nilifanya upumbavu tena. Jirani yangu, Mama Masanja, alinikuta nimefungua mfuko wa matobolwa, na ile harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani imejaa sebule nzima. Tulikuwa wawili tu. Mimi nikagawa mafungu matatu, nikamsogezea lake, nikaanza kutafuna kama mtu mwenye akili timamu.

Mnisamehe. Vidole vyangu vilizoeshwa vibaya.

Nililelewa Kasoli kwa bibi, mimi na mapacha wa baba mdogo, Kulwa na Doto. Bibi hakuhesabu matobolwa kwa makumi. Aliweka kidole gumba kwenye shina la kidole cha shahada, akapanda pingili tatu hadi nchani, akahamia kidole kinachofuata. Vidole vinne, pingili tatu tatu: kumi na mbili, mkono umejaa. Anakunja kidole kimoja cha mkono wa pili, anaanza upya. Alikoitoa hesabu hiyo sijui, maana Kisukuma kina kumi yake kama lugha za watu wengine.

Sasa uzuri wake ni huu. Imejaa mikono mingapi, haikuhusu. Unatazama tu gumba limekomea wapi. Likikomea nchani, kidole chochote kile, watoto watatu wanagawana bila kubaki kitu. Likikomea chini ya ncha, kuna vita. Shuleni namba ikiishia na sifuri haikwambii lolote kuhusu watu watatu: thelathini inagawanyika, ishirini inakugombanisha na ndugu zako. Nilimweleza mwalimu hayo. Akaniambia nikae chini.

Kwa bibi gumba lilikomea nchani kila siku. Yakizidi moja au mawili, aliyatia mdomoni mwake, eti yana wadudu. Mbona hakuwahi kutema? Tulimwona mlafi, tukamsengenya jikoni kwa sauti ya chini.

Kisha shangazi yetu, muuza samaki wa Lamadi, akamchukua Doto akakae naye. Kulwa akawa mtu wa kushinda mlangoni. Jioni ile bibi akahesabu, gumba likakomea nchani, akagawa mafungu matatu. La tatu akalitia kwenye kitunga, akakipandisha kichanjani. Kesho yake vile vile. Mimi, mwanahesabu wa ukoo, nikamsahihisha: "Bibi, tuko wawili."

"Nani kasema?"

Doto alirudi kututembelea msimu wa kuvuna pamba. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni, ndiyo bibi, asante bibi, hata Kulwa akawa anamwonea haya. Bibi akashusha kitunga, akamwekea mapajani. "Haya yako. Uliyaacha." Doto akachungulia, akacheka huku analia. Kulwa akaingiza mkono kuiba, Doto akamchapa kofi. Hapo tukajua amerudi.

Nimechelewa sana kuelewa kwamba yale ya wadudu hayakuwa na wadudu. Bibi alikuwa anatafuna ugomvi wetu kabla haujaanza.

Sasa bibi hayupo, mapacha wote wawili wako Lamadi, na mimi hapa Bariadi hata kwenda sokoni naona ni safari. Gumba langu bado linatafuta ncha. Nilimsimulia Mama Masanja yote haya, kwa kirefu, na machozi kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mdomo umejaa. Kisha akalivuta fungu la tatu upande wake.

"Doto ana samaki huko," akasema. "Hili nakula mimi."