Kura ya Chokaa Bomani Chole

Siku ya kwanza kuingia boma la Chole kwa kazi ya ukarani, Mdachi aliyetawala kisiwa, ambaye kwa cheo chake tulimwita Bwana Shauri, alinipa kalamu na onyo: "Karani, andika. Usile." Nikadhani kazi ni nyepesi.

Zabuni za serikali zilikuwa mdomoni mwa akida, msimamizi wetu chini ya Mdachi. Kila mwaka boma lilihitaji chokaa ya kujengea, ile ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, na kila mwaka akida alimpa shemeji yake. Fundi Kombo wa Kirongwe, mchomaji hodari kuliko wote, hakupata hata pishi moja. Hakuwa mtu wa kupeleka zawadi.

Akaja Bwana Shauri mpya, akaniuliza njia ya haki. Nikamweleza tunavyogawana samaki: kila mvuvi hutoa kitu chake, kete au kijiti, na mtu aliyegeuza uso huviweka juu ya mafungu bila kuchagua. "Fanya hivyo," akasema. Nami nikajitia ujuzi zaidi, nikamleta mjomba wangu Shomari, msokota kamba, kipofu tangu utotoni. Nani angesema kipofu kachungulia?

Wachomaji wanne wakatia kete zao kikapuni; itakayotolewa, mwenyewe apate zabuni. Mjomba akaingiza mkono, akatoa ya shemeji wa akida. Mwaka wa pili, vilevile. Wa tatu Kombo aliapa kwamba akikosa tena atavunja tanuu ahamie bara. Ikatoka ya shemeji wa akida.

Nikimrudisha mjomba kwake, nikamwuliza, "Mjomba, bahati gani hii?"

Akacheka. "Bahati! Mimi uzi mmoja mbovu kambani naujua kwa kidole, sembuse kete? Ya yule ina ufa mgongoni. Akida aliniambia niitafute. Kwani wewe hukujua?"

Innalillahi! Miaka mitatu nimeandika kwa mkono wangu kwamba kura ilikuwa ya haki! Na nikisema, mjomba atalazwa chini achapwe viboko mbele ya watu.

Asubuhi nikaenda Kirongwe, nimeazimia kumwambia Kombo. Nikamkuta anafunga mikeka, tanuu limekwisha bomolewa.

Leo nimestaafu. Makarani vijana nawafundisha kwamba kete zote zitoke kwa karani, zilingane, na kikapu kitikiswe. Lakini habari ya asubuhi ile sijapata kumwambia mtu.

Kombo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Usihuzunike, karani. Zamani nilidhulumiwa. Safari hii nimeshindwa kwa haki, naondoka moyo mweupe. Mungu akulipe."

Nikaitikia, "Amin."