Hiyo Mpya Ina Kichogo?

Cheka kama unataka kucheka, lakini haya yamenitokea mimi mwenyewe, asubuhi ya saa nne, jua la Ibra, mji wetu huku Uarabuni, limeshawaka na macho yangu yako wazi. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na usiku wake nililala vizuri. Tena mimi nafundisha fizikia skuli ya wasichana. Mtu akiniletea habari za majini nilikuwa namuuliza, ulimpima uzito? Siku hizi siulizi tena.

Mambo yalianza na televisheni. Sisi nyumbani tulikuwa na ile ya zamani, ya kichogo kilichotokeza nyuma, aliyoinunua marehemu baba nilipokuwa sijaanza hata skuli. Sanduku kweli kweli, wanaume wawili hulibeba wakisimama njiani kupumzika. Juu yake mama hutandika kitambaa cha kufuma kwa mkono, na juu ya kitambaa huweka chetezo na chupa ya marashi. Kila miaka michache hufuma kitambaa kipya. Picha yenyewe ilikuwa imeshakufa nusu. Ukiiwasha unaona chenga, na ndani ya chenga kuna mtu anasoma habari.

Naishi na mama, wawili tu. Baba ametangulia mbele ya haki, na kaka yangu mdogo, Seif, ana kazi yake na familia yake huko mjini Nizwa. Asubuhi naondoka kwenda skuli, narudi saa nane mchana. Na kwa muda wa kama mwaka mzima, kila nikifika mlangoni nilikuwa namsikia mama anazungumza. Anasema, ananyamaza kidogo, anacheka, anasema tena. Naingia, namkuta peke yake, na kwenye sinia kuna vikombe viwili vya kahawa. Nilimficha Seif kadiri nilivyoweza. Alhamisi moja akaja bila taarifa, akasikia kwa masikio yake.

Seif alitoa uamuzi wa kiume, wa haraka. Mama anasema peke yake kwa sababu ya upweke, alisema, na dawa ya upweke ni televisheni mpya. Mwezi ule ilikuwa imetoka modeli moja bapa, pana kama mlango, inashika mtandao, unapata stesheni za Unguja mchana na usiku. Tumnunulie. Na kama hata hiyo haikumtuliza, basi nyumba ya Ibra ifungwe, mama akakae Nizwa karibu na daktari.

Mama aliposikia habari ya Nizwa alishusha sindano yake ya kufumia akasema neno moja tu, "Nizwa nitasema na nani?" Sikulala vizuri wiki ile. Nilijua nikimwachia mama aondoke pale, atazimika polepole kama taa inayoishiwa mafuta.

Uamuzi wa kununua uliachwa kwangu, maana mimi ndiye msomaji wa maelezo. Nakiri, si mwepesi wa kuamua. Friji yetu niliichagua kwa mwaka mzima. Ile televisheni nikaisoma kwenye simu kwa wiki tatu, mwanga wake, rangi zake, idadi ya matundu ya kuchomeka waya, na bado nikawa sijui.

Basi Jumatano moja, skuli zimefungwa, Seif akaja asubuhi. Akachomoa waya wa televisheni ya zamani ukutani, akapima ukuta kwa futi, akasema leo leo. Ukumbuke hilo la waya. Mama alikuwa anafuma kitambaa kipya cha kutandika juu ya televisheni, imebaki pindo. Akanituma uzi wa kijani. Jumatano pale Ibra ni siku ya soko la akina mama, mwanamme haingii, kwa hivyo Seif alibaki ndani ya gari na baridi ya eisii yake, mimi nikaingia kufuata uzi. Tukitoka pale tulikuwa twende moja kwa moja dukani.

Nilinunua uzi kwa mama mmoja wa Bidiya, kule jangwani, mwenye barakoa ya kitambaa usoni kama wavaavyo wanawake wa kwao, kisha nikasimama pembeni ya meza yake, nikafungua simu kuisoma ile modeli mara ya mwisho. Hapo ndipo aliposimama ubavuni pangu bibi mmoja mfupi. Kavaa buibui la kamba. Unalijua? Lile la zamani, la kufungwa kichwani, ambalo mimi nimeliona kwenye picha za harusi ya bibi yangu tu. Nikasema moyoni, huyu wa kwetu Unguja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huo uzi sio. Kijani anachotaka yeye ni cha jani la mgomba likiwa changa. Huo utamkera. Lete nikakubadilishie."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha zamani, kitamu, hujui neno limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Nikampa uzi. Vidole vyetu vilipogusana ikaruka cheche, ta! Vinyweleo vyote vya mkono vikasimama. Umeme tuli, nikajiambia, hewa kavu, nafundisha kidato cha kwanza. Kisha nikasikia harufu. Si ya oudi wala ya asumini. Ilikuwa harufu ya vumbi la moto, ile inayotoka nyuma ya televisheni iliyokesha imewashwa.

Akaichungulia simu yangu. "Hiyo mpya ina kichogo?"

"Haina, bibi," nikasema kwa fahari kama mimi ndiye niliyeiunda. "Nyembamba kama kidole. Inabandikwa ukutani."

Uso ukamshuka. "Basi na mtu akae wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia watu wanakaa kwenye makochi. Akanijibu kwamba kwenye makochi ameshajaribu, baridi, na yeye miguu inamsumbua. Hapo nikacheka mpaka machozi, nikidhani ni mzee mcheshi tu, na yeye akacheka pamoja na mimi, kicheko cha kujipigapiga mapaja. Niamini, kwa wiki tatu zile sikuwa nimecheka. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, ile ya zamani itakwenda wapi.

"Jaani," nikamwambia.

Akajiziba mdomo. "Masikini mama yako. Atasema na nani?"

Akazunguka meza na uzi wangu mkononi. Nikangoja. Nikangoja tena. Mwishowe nikamuuliza yule mama wa Bidiya, bibi aliyekuwa na mimi kapita wapi? Akaniangalia kwa macho yale mawili yanayoonekana kwenye matundu ya barakoa, akaniambia kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Binti yangu, hukuwa na mtu. Muda wote umesimama hapo unasema na kucheka peke yako. Nilidhani uko kwenye simu."

Unafahamu nilivyojisikia? Yale yale tuliyokuwa tunamdhania mama, na mimi nimeonwa nayo sokoni, mchana kweupe.

Nilitoka nusu nakimbia. Nikamuuliza Seif kama ameona bibi mwenye buibui la kamba akitoka. Akasema ameona wanawake wawili na mbuzi. Sikumweleza. Ungekuwa wewe ungemweleza?

Dukani ile televisheni ilikuwa imewashwa, samaki wa rangi wanaogelea, na wallahi ilikuwa nzuri. Seif ameshatoa kadi. Mimi nikamuuliza muuzaji kama ina kichogo. Akadhani namtania, akaigeuza upande kunionesha jinsi ilivyo nyembamba. Nikaweka mkono juu ya ukingo wake. Baridi, hata kikombe cha kahawa hakikai. Nikasema leo sinunui.

Seif kawaka. "Ya dada! Friji mwaka mzima, sasa televisheni? Khalas, imetosha. Jumamosi mama namchukua Nizwa, na wewe bakia hapa na sanduku lako."

Tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama kwamba uzi wake umepotea na nyumba yake inafungwa.

Tukamkuta amekaa palepale kwenye zulia, anafuma pindo. Kwa uzi wa kijani. Kijani cha jani la mgomba likiwa changa. Kwenye kibonge cha uzi ilikuwemo karatasi nyekundu ya yule mama wa Bidiya, ambayo kila uzi pale mezani kwake alikuwa ameubandika. Kutoka sokoni hadi kwetu ni mwendo wa gari, na mama magoti yake hayamfikishi hata kwa jirani.

"Uzi umefika zamani," mama akasema bila ya kuinua kichwa. "Mwenzangu kauleta. Kasema umemchekesha sana, na kwamba skuli umesomea bure, hujui hata kijani."

Seif akaniangalia. Nikamwambia kila kitu, pale pale, nimesimama, mkoba bado begani. Nilipofika kwenye habari ya miguu yenye baridi, alikwenda mpaka kwenye televisheni ya zamani akaitazama kwa karibu. Waya ulikuwa chini, kama alivyouchomoa mwenyewe asubuhi. Akaweka kiganja juu ya kichogo, akakiondoa kwa kasi. Na mimi nikaweka changu. Ya moto! Moto wa kitu kilichowashwa tangu alfajiri.

Kaka yangu akasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama akamngoja amalize, akaitikia amin, na juu ya televisheni, naapa, kuna mwingine aliyeitikia amin. Sauti ya kike, ya utulivu. Seif akakaa chini hapo hapo.

Mama ndipo akatueleza. Mwenzake huyo ni wa nyumba ya kwao tangu Unguja. Kule alikuwa akikaa juu ya redio ya babu, kwa sababu ya joto lake. Walipohamia huku Ibra akahama nao, na redio ilipokufa akahamia kwenye televisheni ya baba. Ni Muislamu, hadhuru mtu, na ndiye anayemwamsha mama kwa sala ya alfajiri. Zamani mama hakumshughulikia sana, maana alikuwa na baba, na alikuwa na mashoga zake wa Kiunguja mji mzima. Sasa wote wamekwisha.

"Wajukuu wangu nawasalimu wananijibu kwa Kiarabu," alisema. "Wewe, Seif, simu yako dakika mbili. Dada yako anarudi kachoka. Kiswahili changu nikiseme na nani, na ukuta? Mnaniona nimerukwa na akili. Mimi nina mgeni."

Seif alilia. Nasema wazi, mwanamme mzima na ndevu zake, alilia kichwa kikiwa mapajani mwa mama, na mama anampapasa na huku anaangalia pindo lake lisichafuke. Na mimi nikalia, lakini kwangu kilikuwa kilio cha furaha, maana nilijua Jumamosi hakuna anayekwenda Nizwa.

"Basi ile mpya tuiache kabisa?" nikauliza.

"Muiache kwa nini?" mama akashangaa. "Nani kakwambieni siitaki? Nataka niione Forodhani na rangi zake. Na mwenzangu naye anataka, chenga zimemchosha macho. Alilokuwa analiogopa ni jaa tu."

Niliyechagua friji kwa mwaka mzima, siku ile niliamua kwa muda wa kuvaa viatu. Alasiri ile ile tukarudi dukani, muuzaji akatuona akatabasamu kwa wasiwasi. Kabla ya magharibi televisheni mpya ilikuwa ukutani, na chini yake, mahali pake pa siku zote, ya zamani, imetandikwa kitambaa kipya chenye pindo la kijani, chetezo na chupa ya marashi juu yake. Wageni hutuuliza kwa nini hatutupi lile sanduku bovu. Tunawaambia lina kumbukumbu za baba. Si uongo, ila si ukweli wote.

Tangu hapo sasa ni miezi minane. Seif anakuja kila Alhamisi na watoto, wanalala mpaka Jumamosi. Rimoti hatuna amri nayo. Mpira ukifika patamu stesheni inajibadilisha, inatokea taarabu, mama anasema "Ahsante, shoga," na Seif hathubutu kunyanyua mdomo. Mara nne nimepeleka kipimajoto cha skuli nikaupima ule mgongo, waya ukiwa chini. Mara zote nne ulikuwa wa moto. Majibu nimeyaandika kwenye daftari ambalo sitalionesha kwa mtu.

Wiki iliyopita binti yake Seif, ana miaka sita, ambaye hajapata kunijibu ila kwa Kiarabu, alinikuta jikoni akaniambia, "Shikamoo, shangazi. Mbona leo umenuna, nani kakuudhi?" Lafudhi yote, mpaka kuvuta kwake maneno, ya mjini Unguja ya kabla hata mama hajaolewa. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akanioneshea kidole chumba cha kukalia, kule juu ya kitambaa.

Kwa hivyo na wewe unayepiga hesabu ya kuleta televisheni mpya, lete, zipo nzuri. Lakini kabla hujaita watu wa kuibeba ile ya zamani, chomoa waya, ngoja usiku mmoja, kisha uweke mkono kwenye kichogo. Ukikuta baridi, itupe. Ukikuta moto usikimbie, na tafadhali usiipeleke jaani. Toa shikamoo, halafu nyamaza usikilize, maana mimi niliitikiwa.