Meneja Alipokataa Kochi

Fundi makochi hakuwa na cheti cha ubora ukutani. Alikuwa na mbwa. Kochi likikamilika, mbwa huyo aliruka juu yake, akajizungusha mara mbili tatu, akajibwaga. Akianza kukoroma, basi kazi imepita. Wateja walicheka, baadaye wakawa wanauliza wenyewe kama Meneja ameshalilalia. Jina likamganda.

Jumatatu moja kochi la mwalimu mkuu mstaafu lilikuwa tayari, la watu watatu, kitambaa cha kijani. Meneja akaitwa kukagua. Akalitazama, akageuza uso, akaenda kujilaza kwenye sakafu tupu nyuma ya magunia ya sponji.

Fundi aliumia kama mtu aliyesusiwa chakula alichokipika mwenyewe. Akabonyeza pembe zote, akaamini kuna springi inayochoma, akalichana kochi na kulipanga upya. Jumanne Meneja akakataa tena. Likachanwa tena. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye hushona vitambaa kwenye cherehani humo humo karakanani, alimwuliza kama siku hizi analipwa kwa kuchana. Fundi akamjibu na misumari mdomoni, maana ndivyo afanyavyo kazi: anajaza misumari midogo kinywani, anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, na bado anataka kushinda mabishano.

Kila alichoonyeshwa alikuwa na jibu lake. Bakuli halijaguswa tangu jana? Joto hilo. Analamba mguu wa mbele kutwa nzima? Msafi kuliko baadhi ya watu humu ndani. Masikio yamelala, wateja hawapokei tena mlangoni? Amekomaa, cheo kimemkaa. Jumatano mbwa alipohema kama aliyetoka mbioni, na hajainuka tangu asubuhi, fundi akasema anawaza.

Hapo shemeji akaiacha cherehani.

"Shemeji, kochi halina ugonjwa," akasema. "Mgonjwa ni huyo uliyempa cheo. Mshike huo mguu kama huniamini."

Fundi akapiga magoti huku anatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekwenda kumwumbua mwenzake. Alipougusa mguu, Meneja, ambaye hata mtoto akimpanda mgongoni huendelea kusinzia, akamwonyesha meno. Kisha, kana kwamba ameona haya, akamlamba mkono. Mguu ulikuwa wa moto, umevimba katikati ya vidole. Tabasamu likakatika.

Akambeba kifuani mpaka kwa daktari wa mifugo, mtaa wa pili, akapishana mlangoni na mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua kochi lake na kulikuta matumbo nje. Daktari alichomoa msumari mdogo wa kichwa bapa, uliokuwa umezama wote, akauweka kwenye kisahani. Siku mbili zaidi, alisema, na huenda wangekuwa wanazungumzia kuukata mguu.

Fundi akaukodolea macho. Misumari ile ilimdondoka kila alipobishana, na yeye hubisha tangu kufungua mpaka kufunga.

"Ni wangu," akasema polepole. "Umetoka mdomoni mwangu."

Daktari, asiyejua lolote kuhusu makochi, akamtazama meno.

Meneja alipewa dawa, bandeji na siku kumi za kutoruka. Kochi la kijani liliondoka Ijumaa bila kukaguliwa, na mwalimu mkuu akaridhika nalo tu. Siku hizi fundi ana sumaku aliyoifunga kwenye fimbo. Kila jioni anaipitisha sakafu yote, na Meneja anamfuata akichechemea kidogo, mkia ukigonga miguu ya viti. Asubuhi, kabla hajagusa nyundo, anakagua bakuli, masikio, fizi na nyayo zote nne. Shemeji anasema dada yake hajawahi kuangaliwa hivyo tangu aolewe.

Misumari imehamia kwenye kopo. Kwa hiyo sasa fundi anabishana kwa maneno yanayosikika vizuri kabisa, na bado anashindwa.