Freze Niliyoinoa Mgongoni

Je, mzee alisikia? Hadi leo sijui kama alasiri ile, akiwa ameketi mlangoni mwa karakana yetu mtaani Manika na kuipa mashine kisogo, alitambua kwamba chuma kilichokuwa kikilia nyuma yake kilikuwa kimeharibika.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga chuma baada ya chuo kikuu kunifundisha kukichora. Macho yake yalipofifia, alinikabidhi freze yake ya kuchongea gia: kikataji cha mviringo, chenye meno pembezoni, kisichozidi kiganja. Kila jioni tulikipaka mawese na kukifunga katika kipande cha liputa, kitambaa cha kitenge. Sharti lilikuwa moja: jino hunolewa usoni tu. Mgongo hauguswi, kwa kuwa ndio unaobeba umbo. Ukiusaga, kila gia itakayochongwa itapata meno yenye kasoro.

Sharti hilo nililijua. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa na haraka. Mkono ukafuata mazoea ya vikataji vingine, nikainoa freze mgongoni. Nilipozinduka, hata jino la mwisho lilikuwa limekwisha kusagwa. Nikaifunga mashineni hivyo hivyo, nikaanza kuchonga gia ya kinu cha mama mmoja wa sokoni, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akirudisha mahindi ya wateja bila kuyasaga.

Magamba ya chuma yalidondoka taratibu, yakichukuliwa na maji meupe ya kupozea. Vumbi jekundu la malori ya mgodi wa Mashamba lilielea katika mwanga wa dirisha, nami nikaelea pamoja nalo. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

"Engenyere," mzee aliniita kwa cheo changu cha uhandisi bila kugeuka, "freze yangu leo inaimba sawa mutu wa korali wa mupya."

"Iko muzuri, tata. Ni chuma tu iko nguvu."

"Aha! Basi ni chuma ndiyo ilisoma universite."

Tulicheka wote wawili, mimi zaidi yake.

Jioni mwenye kinu alikuja kuitazama gia. Aliizungusha kwa kidole, jino kwa jino, kama anayemkagua mtoto mchanga. "Kesho batu ya kartye batakula bukari," alisema, kana kwamba ugali wa mtaa mzima tayari uko mezani. Meno yalikuwa yanang'aa. Kwa nje hayakuwa na dosari. Ndani ya kinu yangetafunana kabla mvua hazijaanza. Alipoondoka, niliamua.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wote. Niliibana gia katika etau, nikaikata kwa msumeno hadi ikawa vipande viwili. Mzee alipoketi mahali pake, niliviweka miguuni pake, pamoja na freze ndani ya liputa yake.

"Tata, mi niliinoa mugongo."

Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya jino moja, polepole. Nami nikatoka kwenda sokoni, kumwambia mama mwenye kinu kwamba bukari haitapikwa leo, na kwa nini.