Aliyemuulizia Mama Maduhu

Najua mnavyonijua: mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa hisabati kwamba daftari langu limeliwa na fisi. Hili sichekeshi. Lilitokea kwetu Kalangalala, saa saba mchana, jua kali, nimerudi kula na sare ya shule mwilini.

Kaka yangu Maduhu alifukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, na mwili haukutoka. Hata matanga hayajaisha vizuri, majirani wakaanza kumwita mama kwa jina langu, eti kumwita Mama Maduhu ni kumtonesha. Nani aliwaomba? Baba akiitwa kwa jina langu hageuki, hata umpigie filimbi. Mama anaitika, halafu anakwenda uani kuwatukana kuku. Na mimi, nisiwadanganye, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa wa pili.

Basi siku hiyo mtu akapiga hodi. Kijana, tope kichwani mpaka miguuni, bichi, linachuruzika. Kiangazi kile! Uso hata hauonekani.

"Mama Maduhu yupo? Naomba maji."

Mama alikuwa uani, lakini hasira zikanipanda. "Hapa hakuna Mama Maduhu. Alikufa pamoja na huyo Maduhu wake. Nenda ukaoge!"

Hakubisha. Alisema tu, "Haya, Tumbili," akageuka. Tumbili! Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiniita hivyo. Nilikimbia mpaka barabarani. Hakuna mtu. Niaminini.

Baba, ambaye naye alichimba miaka mingi, aliporudi nilimweleza, akainama mlangoni akalinusa tope lililodondoka pale. "Hili ni la chini kabisa. Huku juu halipo." Akaniuliza nilimjibu nini huyo mgeni. Nikamwambia. Mama hakulia. Alinizaba kofi, yeye ambaye hajawahi kunigusa.

Siku hizi kila saa saba wanakaa mlangoni na jagi la maji, wanaitana kwa sauti kama wendawazimu. "Mama Maduhu!" "Abee, Baba Maduhu!" Ili ajue nyumba ni ileile. Majirani wanacheka. Nikiwasikia nawarushia mawe, na radhi siombi. Yule mtu hajarudi.

Na wewe unayesoma, hasa wewe mwenye mdomo kama wangu: akija mtu kumuulizia mama yako kwa jina la marehemu wenu, usimtanie. Sema yupo. Halafu kimbia ukamwite.