Picha ya Kutangulia Jeneza

Nilifika Songea kwa basi kutoka Mtwara, kamera ya filamu ya marehemu baba nimeifunga ndani ya sweta. Kufika Tunduru nilikuwa nimekwisha kupiga karibu mkanda wote: wauza korosho, abiria waliolala, watu nisiowajua. Ikabaki picha moja, na Songea hakuna duka lililokuwa na filamu nyingine. Hiyo moja nililiwekea jua, ambalo siku chache baadaye lingepatwa na mwezi hadi libaki pete. Utotoni baba aliwahi kunionyesha jua lililopatwa, ndani ya beseni la maji. Nilitaka safari hii nibaki na kitu cha kushika.

Nilipanga chumba mtaa wa Mshangano kwa bibi mmoja mjane. Siku yenyewe nilisimama uani, kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma nimekifunga mbele ya lenzi. Bibi akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Nipige mimi, mwanangu. Ya kutangulia jeneza."

Kwao picha ya marehemu hubebwa mbele hadi makaburini, na yeye hakuwa nayo.

"Nitakupiga kwa simu, bibi."

"Dada yangu walimpiga kwa simu. Simu ikafa kabla yake. Tukabeba msalaba mtupu."

"Basi nitatafuta filamu nyingine. Hii ni ya jua."

"Jua lina jeneza?"

Ubaridi ulishuka. Kuku wakaanza kurudi bandani. Nilitazama juu, kisha nikamtazama yeye, ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, mikono magotini, akingoja. Nikakifungua kile kioo, nikampiga.

Filamu niliisafishia Dar es Salaam. Mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umemwangukia kama pete ndogondogo, mabegani, mapajani, hadi kwenye udongo. Siku ile sikuziona. Nilikuwa namtazama usoni.

Nikarudi Songea kumpelekea.

"Pete zote hizi za nini?" aliuliza. "Mimi nilishaolewa."

"Ni jua, bibi."

Aliitazama kwa muda mrefu, akaifunga ndani ya kitenge, akaitia sandukuni.

"Na wewe mtembezi, yako ataibeba nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake nilipanda basi, na sijarudi tena. Njiani nilizipitia picha zote za mkanda ule. Mimi simo hata katika moja.