Kijumba cha Darubini Kilichotutangazia Sabato

Kama ulilelewa Nyaramba enzi zetu, lazima ulikiona kile kijumba kilimani. Mwalimu Moraa alikijenga alipostaafu, paa lake la mabati likisukumwa kando kwa magurudumu, na ndani akaweka darubini. Tukitoka shule tulipanda mbio, viazi vitamu mkononi. Hakuturuhusu kulitazama jua lenyewe. Kwa darubini alimulika mwanga wake juu ya karatasi nyeupe, nasi tukaona duara lenye madoa madogo meusi. Kila siku madoa yalikuwa yamesogea. Jamani, yalikuwa yakienda wapi? Nilikosa usingizi kwa swali hilo.

Kazi yake kubwa ilikuwa Ijumaa. Sabato huanza jua likizama, na kwetu mawingu hulificha tangu alasiri, kwa hiyo mama zetu walikisia kwa kuku kuingia bandani. Mwalimu alipiga hesabu, na dakika ikifika alipandisha leso nyeupe mlingotini. Wachumaji chai bondeni waliiona, wakaenda nyumbani.

Mzee Ombati wa kanisa hakupendezwa. "Mambo ya mbinguni hayachunguliwi na bomba," alisema, akaapa kukivunja kijumba. Niliogopa sana, maana alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Ijumaa moja, anga likiwa jeupe, giza liliingia mchana. Kuku wakakimbilia bandani. "Nyasae, Mungu wangu! Sabato imetukuta shambani!" mama akalia, akaacha kikapu nusu. Nilitazama kilimani: hakuna leso. Nikapanda mbio, nikamkuta Mzee Ombati keshafika, anafoka.

"Mwalimu, mbona unatuvunjisha Sabato?"

"Jua bado liko juu, mzee. Mwezi umepita mbele yake. Ngoja uone."

Kwenye karatasi jua lilikuwa limemegwa kama chapati. Tukangoja. Kipande kikanenepa polepole. Mzee aliinama, pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hili ndilo lile la juu?"

"Ndilo."

Hakubanduka mpaka likawa duara kamili. Kisha akateremka mwenyewe akiwaita akina mama warudi kuchuma. Habari za kuvunja zikaishia hapo.

Leo mwanangu huambiwa na simu dakika ya jua kuzama, ila ukimuuliza linazamia upande gani, anaichungulia simu tena. Namcheka, lakini sina haki. Mwalimu alipofariki tulihitaji mabati ya banda la ng'ombe. Mzee Ombati hakukigusa kile kijumba hata siku moja. Aliyepanda kilimani na nyundo ni mimi.